Shajara ya mradi: kuunda ufunguo wa kutambua planaria wa nchi kavu

9 Januari: Lengo na mipaka ya kazi

Mradi huu unakusudia kutoa vitu viwili vinavyokwenda pamoja: lahajedwali la majina ya planaria wa nchi kavu, lililopangwa kwa uainishaji unaokubalika sasa, na ufunguo wa utambuzi, yaani mfululizo wa maswali ya kuchagua yanayofikisha kwenye jina, ambao mtu mwenye lenzi ya mkononi anaweza kuufuata bila kupotoshwa. Wanyama hawa ni minyoo bapa wa oda ya Tricladida. Utumbo wao una matawi matatu, moja likielekea kichwani na mawili yakielekea nyuma, nao hawana njia ya haja kubwa. Kinywa kiko upande wa tumbo, karibu na katikati ya mwili, na koromeo hutokezwa nje wakati wa kula. Wote ni huntha, na spishi zilizokwisha kuelezwa zimepita 900.

Nimeweka mpaka mmoja tangu mwanzo: ufunguo utasimama pale ambapo ushahidi unasimama. Funguo nyingi zinazozunguka mitandaoni humfikisha msomaji kwenye jina la spishi kwa kutumia rangi ya mgongo, na ni hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

27 Januari: Orodha ya majina

Hatua hii ndiyo iliyokula muda mwingi kuliko zote, na anayetaka kuirudia ajitayarishe hivyo. Historia ya kundi hili ni ya watu waliofanya kazi mbalimbali, na kila mmoja aliacha majina yanayohitaji kufuatiliwa. Mwanazuolojia wa Denmark, Otto Friedrich Müller, alimwelezea mnyoo wa kwanza wa kundi hili mwaka 1774 kwa jina la Fasciola terrestris, ambaye leo ni Microplana terrestris. Charles Darwin alichapisha maelezo ya planaria wa nchi kavu mwaka 1844, kutokana na wale aliowakusanya katika safari ya meli ya Beagle. Aliwafuga baadhi yao kutoka Tasmania akiwapa mbao zilizooza, akamkata mmoja vipande viwili na kuona kila kipande kikikamilika kuwa mnyama mzima. Habari ya vipande ni kweli tupu. Habari ya mbao haikudumu, kwa sababu wanyama hawa ni wawindaji wa nyungunyungu, konokono, wadudu na viumbe wengine wadogo wa udongoni.

Mwaka 1857 William Stimpson aliunda jenasi za Geoplana na Bipalium, na mwaka huohuo Max Schultze na Fritz Müller wakaeleza spishi za Brazili. Kisha Ludwig von Graff akakusanya yote yaliyojulikana katika kitabu chake kikubwa cha 1899, ambacho hadi leo hakikwepeki kwa mtu anayeshughulikia majina ya zamani. Baada yake, faharasa zilizotayarishwa na Robert Ogren wa Marekani na Masaharu Kawakatsu wa Japani kuanzia miaka ya 1980 ndizo zilizoniwezesha kujua ni nani alihamishwa kutoka jenasi gani.

Kilichokwamisha kazi ni kutafuta kwa jina la jenasi. Mnyoo wa New Zealand anayekula nyungunyungu katika Ayalandi na Uskoti aliitwa Geoplana triangulata na Arthur Dendy, na sasa ni Arthurdendyus triangulatus. Mwingine mwenye kichwa kipana anaonekana katika maandishi mengine kama Bipalium kewense na katika mengine kama Placocephalus kewensis. Safu ya jenasi ilizalisha mistari miwili kwa mnyama mmoja kila mahali. Suluhisho lililofanya kazi ni kupanga orodha kwa shina la jina la pili bila kiambishi cha mwisho, yaani "triangulat-" na "kewens-", kisha kuongeza mwaka na jina la aliyeeleza kwanza. Mabano nayo ni msaada usiogharimu kitu: jina la mtunzi likiwa ndani ya mabano, kama katika Microplana terrestris (Müller, 1774), maana yake spishi haimo tena katika jenasi aliyoiweka yeye, na hapo ni lazima utafute mstari wa pili kabla ya kuendelea.

18 Februari: Ufunguo wa kwanza umeanguka

Toleo la kwanza lilijengwa juu ya sifa mbili zinazoonekana kwa lenzi: umbo la kichwa na idadi ya macho. Kichwa kilichotanuka kama jembe kinampeleka msomaji kwenye nusufamilia ya Bipaliinae. Macho mawili tu karibu na ncha ya mbele yanampeleka kwenye nusufamilia za Rhynchodeminae au Microplaninae. Macho mengi yaliyopangwa kando ya mwili bila kichwa kipana yanampeleka kwenye nusufamilia ya Geoplaninae. Ni mpango mwepesi kukumbuka, na kwa miongo mingi uainishaji wenyewe ulikuwa karibu hivyo.

Ulianguka ulipojaribiwa kwa Caenoplana coerulea, mnyoo wa Australia aliyeelezwa na Henry Nottidge Moseley mwaka 1877. Ana macho mengi na kichwa chake hakijatanuka, kwa hiyo ufunguo ulimweka katika Geoplaninae. Mahali pake kwa uainishaji wa sasa ni Rhynchodeminae, katika kundi dogo la Caenoplanini, pamoja na Arthurdendyus wa New Zealand ambaye naye ana macho mengi. Kumbe macho mengi hayatenganishi nusufamilia hizi mbili hata kidogo.

Nilijaribu kuunusuru ufunguo kwa kuongeza swali la bara analotoka mnyoo, kwa kuwa Geoplaninae ni wa Amerika ya Kusini na Kati na Caenoplanini wengi ni wa Australia na visiwa vya jirani. Swali hilo nalo halikufaa, kwa sababu planaria wanaoletwa kutambuliwa mara nyingi ni wale waliosafirishwa na udongo wa mimea. Moseley huyohuyo alimwelezea Bipalium kewense mwaka 1878 kutoka nyumba za joto za bustani ya Kew, Uingereza, ilhali asili ya mnyama huyo ni Asia ya Kusini-Mashariki. Libbie Hyman naye alimwelezea Bipalium adventitium mwaka 1943 kutoka Marekani, na huyo pia ni wa Asia. Ikiwa hata mahali palipoandikwa katika maelezo ya kwanza si kwao, ufunguo haupaswi kumuuliza msomaji mnyoo ameokotwa wapi.

10 Machi: Kupanga upya matawi

Niliandika upya muundo wote wa lahajedwali kwa kufuata uainishaji wa Ronald Sluys, Kawakatsu, Marta Riutort na Jaume Baguñà wa mwaka 2009. Kabla yake, planaria wote wa nchi kavu walikuwa kundi la Terricola, wa maji baridi wakiwa Paludicola na wa baharini Maricola, kana kwamba makazi ndiyo nasaba. Katika mpangilio mpya, wa nchi kavu wote wamo katika familia moja, Geoplanidae, na zilizokuwa familia za Bipaliidae na Rhynchodemidae zimeshushwa kuwa nusufamilia. Familia hiyo imekaa ndani ya kundi kubwa la Continenticola pamoja na planaria wa maji baridi, na ndugu zake wa karibu kabisa ni Dugesiidae, waishio majini. Planaria wa mtoni wa jenasi ya Dugesia, kwa nasaba, yuko karibu zaidi na mnyoo wa nchi kavu kuliko alivyo karibu na Planariidae wanaoishi majini kama yeye.

Hatua hii ilikwenda haraka. Waliowahi kupanga orodha kwa Terricola waongeze tu safu moja ya "jina la zamani la kundi" na wasifute kitu, kwa sababu lebo za makumbusho na makala za kabla ya 2009 zitaendelea kusomwa.

2 Aprili: Mti wa jeni uliotoka kichwa chini

Ili nisitegemee neno la makala peke yake, nilipakua mfuatano wa jeni kutoka hifadhidata za umma na kujenga mti mdogo wa ukoo. Mti wa kwanza, uliotumia jeni ya 18S ya ribosomu, ulitoa upuuzi: sampuli mbili za spishi moja zilikaa kwenye matawi yaliyo mbali, na Dugesiidae wakatawanyika katikati ya Geoplanidae.

Sababu yake inajulikana vizuri, na ndiyo hiyohiyo iliyoleta mabadiliko ya 2009. Planaria wa nchi kavu na Dugesiidae wana nakala za aina mbili za jeni hiyo, aina ya I na aina ya II, zilizotokana na tukio la kale la jeni kujirudufu kwa babu wao wa pamoja. Salvador Carranza na wenzake walilitumia tukio hilo mwaka 1998 kama ushahidi kwamba makundi haya mawili ni ndugu. Ukichanganya aina ya I ya mnyama mmoja na aina ya II ya mwingine, mti hauonyeshi tena ukoo wa wanyama bali ukoo wa nakala. Nilitenganisha faili mbili, nikaacha kila mfuatano ambao mwandishi wake hakutaja aina, na mti ukatulia. Mifuatano mingi imepotea katika kuchuja huko, lakini sioni njia ya kuikwepa gharama hiyo.

Tatizo la pili lilikuwa kwenye COI, jeni ya mitokondria inayotumika sana kutofautisha spishi. Nilipoitafsiri kuwa protini ili kukagua ubora, kila mfuatano ulijaa alama za kukoma katikati, kana kwamba zote zilikuwa takataka. Programu ilikuwa inatumia jedwali la kawaida la jenetiki, ambamo herufi tatu za DNA, TGA, ni amri ya kukoma. Mitokondria ya minyoo bapa husomwa kwa jedwali namba 9, ambamo TGA ni triptofani, AAA ni asparajini, na AGA ni serini. Badilisha mpangilio huo mmoja kabla ya jambo lingine lolote. Mfuatano utakaobaki na alama za kukoma baada ya hapo ndio wa kutiliwa shaka.

La tatu ni lebo. Baadhi ya mifuatano ya mnyoo wa kahawia anayeenea katika bustani za Ulaya inabeba jina la Obama marmorata, kwa sababu ndivyo alivyodhaniwa kuwa mwanzoni. Fernando Carbayo na wenzake walilinganisha viungo vyake vya ndani na jeni zake, wakaonyesha mwaka 2016 kwamba ni spishi nyingine, Obama nungara. Hifadhidata haijirekebishi yenyewe, basi kila lebo ilinganishwe na tarehe ya makala.

26 Aprili: Kuhifadhi sampuli

Planaria aliye hai akitumbukizwa moja kwa moja katika ethanoli hujikunja, hutoa ute mwingi na mara nyingine hupasuka, na baada ya hapo hakuna kipimo cha mwili wake kinachoaminika. Akiwekwa katika fomalini peke yake, umbo na tishu hubaki vizuri lakini DNA huharibika. Utaratibu nilioubakiza ni huu: mnyoo apigwe picha akiwa anatambaa, mgongo na tumbo; akatwe kipande kidogo cha ukingo wa mwili, nacho kiingie katika ethanoli kali; mwili uliobaki uuawe kwa maji yanayokaribia kuchemka, ambayo humwacha amenyooka, kisha uingie katika fomalini ya asilimia 10 kwa ajili ya histolojia, yaani uchunguzi wa tishu kwa hadubini. Anayetaka DNA tu anaweza kumtoa kwenye maji ya moto na kumtia katika ethanoli.

Mnyoo akae kwanza bila chakula kabla ya yote hayo. Aliyekula karibuni ana DNA ya nyungunyungu au konokono ndani yake, na mchanga uliokuwa katika utumbo wa windo hukwaruza kisu cha kukatia nta inayogandisha tishu. Glavu ni lazima: katika baadhi ya spishi za Bipalium imepatikana sumu ya tetrodotoksini, na Platydemus manokwari anaweza kubeba mnyoo wa mapafu ya panya, Angiostrongylus cantonensis, ambaye humdhuru binadamu. Asikatwekatwe kwa nia ya kumuua. Darwin ameshaeleza kitakachofuata.

21 Mei: Slaidi

Hapa ndipo uainishaji unapoamuliwa. Mwili hugawanywa sehemu: kipande cha mbele ya koromeo hukatwa kwa kukingama, na kipande chenye viungo vya kujamiiana, kilicho nyuma ya kinywa, hukatwa kwa urefu, sambamba na mstari wa kati. Vyote hugandishwa katika nta ya parafini na kukatwa kwa unene wa mikromita 6 hadi 8, kisha hutiwa rangi.

Mkato wa kukingama ulilipa deni la Februari. Chini ya hadubini, ukianza juu mgongoni na kushuka polepole, unaona ngozi, kisha tabaka la misuli chini yake, kisha mviringo wa korodani uliojaa chembe zilizokolea rangi. Katika Geoplaninae korodani ziko upande wa mgongo. Katika Caenoplanini ziko upande wa tumbo. Rhynchodeminae wana mafungu makubwa ya misuli ya urefu chini ya ngozi, nayo yanaonekana kama madoa makubwa yaliyopangwa mstari, ilhali kwa Microplaninae misuli hiyo ni dhaifu na haijafungwa mafungu. Kwa hiyo macho mawili, ambayo hapo awali yalishindwa kutenganisha hawa wa mwisho, yanapata mwenzake wa kuyasaidia, lakini mwenzake huyo yuko ndani ya nta.

Kilichoharibika ni mkato wa urefu. Kizuizi cha nta kilikaa kwa mshazari kidogo, na uume ukaonekana kwenye slaidi kama vyumba viwili visivyohusiana. Kipande kilichokwisha kukatwa hakikatwi mara ya pili, kwa hiyo njia iliyobaki ni kufuata slaidi moja baada ya nyingine kwa mpangilio wake na kuchora kila moja juu ya karatasi inayopenya mwanga hadi umbo lijijenge. Kazi ni ya polepole, lakini matokeo yanatumika. Tangu hapo natia alama ya mstari wa kati kwenye kipande kabla hakijazama katika nta.

Hasara kubwa zaidi haina dawa: baadhi ya sampuli hazikuwa na viungo vya uzazi kabisa. Bipalium kewense, nje ya nchi za joto, huzaana zaidi kwa kujikata ncha ya mkia, na ncha hiyo hukua kuwa mnyoo mwingine. Waliokomaa kijinsia huonekana kwa nadra. Unaweza kumaliza nta, rangi na majuma ya kazi juu ya mnyama asiye na kitu cha kukuonyesha. Siku hizi natafuta kwanza tundu la uzazi upande wa tumbo, nyuma ya kinywa, na nisipoliona napeleka kipande cha DNA peke yake.

15 Juni: Jenasi za akiba

Lahajedwali lilikuwa na doa moja lililonisumbua: spishi ambazo hakuna aliyewahi kuona viungo vyake vya ndani. Bipaliinae wote wana kichwa kipana, lakini Bipalium, Novibipalium na Humbertium hutenganishwa kwa mpangilio wa uume na namna vifereji vya mayai vinavyoingia katika chumba cha uzazi. Spishi iliyochorwa mgongo tu katika karne ya 19 haiwezi kuingia katika yoyote kati ya hizo tatu kwa uhakika. Kwa ajili hiyo Kawakatsu na wenzake waliunda Diversibipalium mwaka 2002, jenasi ya kukusanyia zisizojulikana. Pseudogeoplana hufanya kazi hiyohiyo kwa upande wa Geoplaninae.

Nilikuwa nimezipanga jenasi hizi sawa na nyingine, na matokeo yake hesabu ya spishi kwa jenasi ikawa haina maana, kwa sababu spishi zilizomo hazikukusanywa kwa ukoo. Nimeongeza safu ya "msingi wa uamuzi" yenye thamani nne: umbo la nje tu, viungo vya ndani, jeni, au vyote viwili vya mwisho. Safu hiyo inaonyesha wazi hali kama ya Diversibipalium mayottensis wa kisiwa cha Mayotte, aliyeelezwa mwaka 2022 na Jean-Lou Justine na wenzake: jeni zake za mitokondria zilisomwa kwa ukamilifu na kumweka kama ndugu wa Bipaliinae wengine wote waliochunguzwa, ilhali bado yuko katika jenasi ya akiba. Kwa maoni yangu safu hii ina faida kuliko safu nyingine yoyote katika faili.

4 Julai: Toleo la pili la ufunguo

Ufunguo sasa una ngazi mbili zilizotenganishwa kwa mstari. Ngazi ya juu ni ya lenzi, nayo inatoa majibu matatu tu: Bipaliinae, wenye macho mawili, ambao ni Rhynchodeminae au Microplaninae, na wenye macho mengi bila kichwa kipana, ambao nusufamilia yao haijaamuliwa. Ngazi ya chini ni ya slaidi, na inaanza na nafasi ya korodani na mafungu ya misuli. Jina la spishi kutokana na picha linaruhusiwa pale tu ambapo kuna orodha fupi ya wageni wanaojulikana na sifa inayowatenga.

Jaribio la mwisho lilikuwa juu ya jozi inayochanganywa mno. Caenoplana coerulea na Platydemus manokwari wote ni weusi-weusi wenye mstari mwembamba uliopauka katikati ya mgongo, na katika picha ya usiku mtu hawezi kuapa. Wa pili ndiye wa kuogopwa zaidi: ametoka New Guinea, alielezwa na Paul de Beauchamp mwaka 1963, na alipelekwa visiwani katika Pasifiki ili kumaliza konokono mkubwa wa Afrika Mashariki, akawageukia konokono wa asili wa visiwa hivyo. Hapa macho yamefanya kazi yaliyoshindwa kuifanya Februari: mawili makubwa nyuma kidogo ya ncha ni Platydemus, madogo mengi yanayozunguka ncha na kushuka kando ni Caenoplana. Tumbo nalo ni shahidi, la buluu kwa Caenoplana na lililopauka kwa Platydemus, ndiyo maana maelekezo ya picha ya tumbo yamehamishiwa mwanzo wa ufunguo.

Hatua inayofuata ni Microplana wa Afrika. Miongoni mwao yuko Microplana termitophaga, aliyeelezwa mwaka 1990 kutoka Kenya na Hugh Jones, Darlington na Newson, ambaye huwinda mchwa. Mistari yao katika lahajedwali imefunguliwa, na safu ya "msingi wa uamuzi" inajazwa kutoka makala za awali, mstari kwa mstari.